Sahihi ya Pili

Mzee Cosmas alisema "tupu", nami nikatia sahihi. Neno hilo moja lilitosha. Alikuwa amesimama dirishani, bunduki imelala mikononi mwake, kichwa amekiinamisha kama mtu anayesikiliza, na mwanga wa Oktoba ya London, usiojulikana kama ni wa asubuhi au wa jioni, ulikuwa ukimwangukia begani. Sikumwendea. Sikuishika ile bunduki. Nilivuta fomu, nikaandika Restuta Temu chini ya jina lake, nikaendelea kukata sponji.

Kazi yetu ni kufunga bunduki. Nikiwaambia watu wa kanisani Thamesmead hunitazama mara mbili, kisha huuliza kama serikali inajua. Inajua. Karakana yetu iko nyuma ya maduka ya Thornton Heath, haina kibao mlangoni, na kila bunduki inayopita pale ina karatasi nyingi kuliko nilizokuwa nazo mimi nilipoingia nchi hii. Ni bunduki za wawindaji, za wakusanyaji wa vitu vya kale, za wazee waliofariki wakawaachia watoto wasiojua wazifanyie nini. Zikishanunuliwa mnadani huletwa kwetu. Tunazifunga, tunazikatia bima, na zinasafirishwa hadi kwa mfanyabiashara mwenye leseni katika mji wa mnunuzi, naye mnunuzi huifuata yake hapo akiwa na kibali mkononi. Kasha kwa nje halisemi limebeba nini.

Lakini kabla ya sponji, kabla ya karatasi ya mafuta na misumari, kuna sheria iliyobandikwa ukutani. Mtu wa kwanza huchomoa kila kinachochomoka, humulika ndani kwa tochi, hutia kidole, kisha husema kama mna risasi au hamna. Mtu wa pili huyarudia yote hayo, kana kwamba yule wa kwanza hajazaliwa. Ndipo wanatia sahihi wote wawili, na bima huitegemea karatasi hiyo. Sahihi mbili zisipokuwa za kweli, hakuna bima, na kampuni haina mlango wa kutokea.

Nikipangwa na Waingereza sina tabu. Mmoja akisema tupu, ninamnyang'anya bunduki papo hapo na kuchungulia, naye anapiga mluzi akinisubiri. Hakuna aliyekosewa adabu. Sasa nenda kachungulie baada ya Mzee Cosmas! Wiki yangu ya kwanza nilijaribu. Hakukasirika. Aliweka mikono nyuma, akageuza uso pembeni, akawa kama mama mkwe anayeona sufuria aliyoiosha inaoshwa tena. Nilitamani sakafu inimeze. Tangu siku hiyo, akisema tupu, ni tupu. Tulipangwa pamoja siku mbili kila wiki, na kila siku hizo mbili nilitia sahihi juu ya kitu ambacho macho yangu hayakukiona.

Na si heshima ya mvi peke yake. Mtu huyu na mkewe, Mama Marcelina, walinipa chumba kwao miezi minane, wakati mwenyeji niliyekuwa nikikaa kwake aliponitolea mabegi yangu nje kwenye mvua. Hawakuniuliza nitaondoka lini. Ni yeye aliyenileta karakanani, akasimama mbele ya Alka, mkuu wetu wa ofisi, akasema, "Huyu ni binti yangu, makosa yake ni yangu." Alinifundisha kazi yote. Alikuwa amebakiza miezi mitano astaafu arudi Rombo, na alipenda kusema kwamba atarudi na begi moja na jina safi.

Bunduki ya siku ile ilikuwa ndogo, ya kuwindia sungura. Ilitoka kwenye nyumba ya marehemu mmoja huko Kent. Risasi zake hukaa kwenye bomba jembamba lililolala chini ya mtutu, na ubaya wa bunduki za aina hiyo ni kwamba unaweza kulimwaga bomba lote ukadhani umemaliza, kumbe moja imebaki imejibanza kule ndani kabisa. Bila tochi huioni. Mnunuzi alikuwa baba mmoja wa Wales. Alituandikia barua fupi akiomba tuifunge vizuri, maana ni zawadi ya binti yake anayetimiza miaka kumi na saba, na angependa aifungue mwenyewe. Niliisoma kwa sauti. Mzee Cosmas alicheka, akasema watoto wa siku hizi hawataki tena vitenge.

Gari lilikuja saa tano. Dereva alikagua namba ya lakiri, akachukua kasha, akaenda zake. Nilitundika aproni nile chakula changu, na katika kuitundika kitu kizito kikanigonga gotini. Niliingiza mkono mfukoni. Ilikuwa tochi.

Meza yetu ina tochi moja tu. Asubuhi nilikuwa nimeichukua nimulikie chini ya rafu, nilipodondosha kisu cha kukatia sponji, na haikutoka mfukoni mwangu tena. Nilibaki nimeishika, wali wangu unapoa. Mzee Cosmas alikuwa ametazama kwa kutumia nini?

Hapo ndipo mambo mengine yalipokuja, yote kwa mkupuo, kana kwamba yalikuwa yamepanga foleni mlangoni. Namba za bunduki alizokuwa akiniambia nimsomee: "Soma wewe mwanangu, macho yako bado mabichi." Chai aliyoimimina ikapita ukingo wa kikombe. Mikwaruzo ya mbao aliyoitafuta kwa ncha za vidole. Basi alilokuwa akiniuliza kama ni letu, nalo limeshasimama mbele yetu. Vyote hivyo nilikuwa nimeviona, nikaviita uzee, nikaviweka kando. Nilijichukia. Nilimchukia na yeye kidogo, na hilo liliniuma zaidi.

Nilimkuta anakunywa chai karibu na hita.

"Baba, ile ya sungura," nilisema. "Ulilitazama bomba lake?"

"Nilisema nini?"

"Ulisema tupu."

"Basi."

"Ila tochi nilikuwa nayo mimi."

Alikiweka kikombe chini polepole, akihakikisha kwanza meza ipo. "Miaka kumi na tisa nazifunga hizi, Restuta. Najua kwa uzito. Najua kwa mlio wake ukiitikisa. Unataka kusema nini?"

"Sisemi kitu, baba. Naogopa tu."

"Duka la kule wataangalia. Mnada waliangalia. Kila mtu anaangalia." Kisha akasema kwa sauti ya chini, bila hasira, na afadhali angenikaripia, "Na sahihi yako iko chini ya yangu."

Nilirudi mezani kwetu. Kweli, duka la Wales wangeangalia. Lakini na mimi nilipaswa kuangalia. Mnada walipaswa kuangalia. Inawezekana kila aliyeipokea bunduki ile alimwamini aliyempa, tangu nyumbani kwa yule marehemu hadi mezani kwetu, na mtu wa mwisho katika mstari huo alikuwa msichana anayefungua zawadi jikoni kwao, wadogo zake wamemzunguka. Upande mwingine nilimwona Mama Marcelina akinitandikia kitanda bila kuniuliza nitalala siku ngapi. Nilikaa kati ya picha hizo mbili mpaka saa tisa na nusu. Kasha lingekaa bohari hadi saa kumi na moja, kisha lingepakiwa kuelekea Wales. Nilijikaza kisabuni nikapanda ngazi.

Alka alizaliwa Mwanza, akakulia Kingsbury dukani kwa baba yake, na Kiswahili chake amekihifadhi vile vile alivyokibeba utotoni. Alinisikiliza bila kuondoa mkono kwenye kipanya cha kompyuta.

"Nataka kasha la Wales lirudi," nilimwambia. "Nilitia sahihi bila kutazama. Kosa ni langu."

"Mzee alitazama?"

Nilikitazama kile kipanya.

"Restuta. Mimi nauliza wewe."

"Kosa ni langu, Alka. Mimi ndiye wa pili."

"Sikia. Mimi napiga simu sasa hivi, van inarudi, hiyo easy. Lakini reason lazima naandika. Insurance watasoma. Kama naandika Restuta hakutazama, watauliza, na yule mwingine? Mimi nitajibu nini?" Alivua miwani. Hakuwa mkali. Alikuwa na uso wa mtu anayejua jibu, asiyetaka kulisikia. "Kwa hiyo sema mwenyewe. Mzee alitazama?"

Nje mtu alikuwa akirudisha lori nyuma, likipiga ile milio yake. Nilisubiri linyamaze.

"Hakuwa na tochi," nilisema.

Alka alinyanyua simu.

Kesho yake kasha lilikuwa mezani kabla yetu. Mzee Cosmas alifika amevaa tai. Alka alikuwa amempigia nyumbani jioni, hata Mama Marcelina alishajua, maana sikupata ule ujumbe wake wa kila asubuhi wa kunitakia siku njema.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," aliujibu ukuta.

Alka alisimama nasi akiwa na kalamu na daftari. Alisema tutafanya kama sheria inavyosema, tuanze mwanzo, mtu wa kwanza na mtu wa pili. Nilikata lakiri, nikang'oa misumari, nikafungua karatasi ya mafuta niliyoifunga jana kwa mikono ile ile. Nilimpa Mzee Cosmas bunduki. Nilimpa na tochi.

Alifanya kila kitu kwa mpango wake. Alichomoa alichopaswa kuchomoa, akainamisha bomba, akatikisa, akasikiliza. Akawasha tochi akaielekeza ndani. Alitazama muda mrefu sana. Nilimwona akisogeza uso, akiurudisha, akisogeza tena. Nilimwomba Mungu isiwemo kitu. Nilitaka niwe mjinga, mbeya, mtu aliyemdhalilisha mzee wake bure. Nilikuwa tayari kupiga magoti pale pale.

"Tupu," alisema.

Alinikabidhi. Kisha akaweka mikono nyuma, lakini safari hii hakugeuza uso. Alikuwa ameukabili uso wangu, anangoja, na niliona kwamba hata yeye hakuwa na uhakika. Nilichukua tochi. Mwanga ulipofika mwisho wa bomba ulikutana na kitu cha njano, kidogo kuliko kucha ya kidole cha mwisho.

"Tupu, siyo?" aliuliza.

Niliinamisha bunduki na kuigonga kwa kiganja, mara moja, mara ya pili. Risasi ilitoka, ikadondoka juu ya meza, ikabiringika kidogo kwenye kitambaa cha kijani, ikatulia.

Alka alishusha pumzi, akanong'ona kitu kwa Kigujarati, lugha ya kwao.

Mzee Cosmas alikuwa ameisikia. Alinyoosha mkono wake wa kulia, akaulaza juu ya meza, akaanza kuitafuta. Kiganja kilikwenda kushoto, kikarudi, kikapapasa ukingo wa sponji, kikapapasa kalamu. Risasi ilikuwa peupe mbele yake, njano juu ya kijani, shubiri moja tu kutoka kidoleni mwake. Aliendelea kupapasa. Hakuna aliyesema neno, na nadhani ni ukimya huo uliomwambia kwamba sisi wawili tunaiona.

Niliushika mkono wake. Haukunisukuma. Niliupeleka taratibu mpaka kidole chake kikagusa shaba.

"Hii hapa, baba."

Aliifumbata. Aliishikilia kifuani, kwenye tai yake. Nilitaka kumwambia nisamehe, lakini sikujua nimwombe radhi kwa lipi, kwa kusema jana au kwa kunyamaza siku zote zile nyingine.

"Tangu Pasaka," alisema hatimaye.

"Nini tangu Pasaka, Mzee?" Alka aliuliza, ingawa alikuwa ameshaelewa, maana kalamu ilikuwa imesimama.

"Sioni, mama. Tangu Pasaka sioni kitu humo ndani."

Alka hakuandika. Alifunga daftari, akaenda kwenye kabati la chuma linamotunzwa fomu zote, na nikasikia droo ikivutwa, kisha nyingine. Siku mbili kila wiki. Kila karatasi ingekuwa na jina lake juu na langu chini, kwa mwandiko wangu mzuri usio na haraka. Makasha mengine yalikwenda Scotland. Mengine yalivuka bahari.

Mzee Cosmas alikuwa bado amesimama. Nilimvutia kiti, nikaweka mkono wake juu ya mgongo wa kiti ajue kilipo, akaketi. Alka alirudi na rundo la kwanza akaliweka mbele yetu, akasogeza simu ya kuwapigia wanunuzi. Nikaketi karibu na Mzee, nikaanza kumsomea fomu za Aprili, mwezi wa ile Pasaka.