Kitambaa Juu ya Kompyuta

Mshale uligoma katikati ya kioo. Msusi akasogeza kipanya kushoto, akakisogeza kulia. Wapi!

"Usishtuke," alijiambia. "Usiguse kitu."

Kazi yake ilikuwa kusuka nywele katika chumba cha mbele. Mambo ya kompyuta alijifunza mwenyewe, polepole. Wiki hiyo alikuwa anajaribu programu mpya ya kuandikia blogu, ile ambayo unaandika bila mtandao, ukimaliza ndipo unachapisha. Utaratibu wake ulikuwa jambo moja kwa siku. Jana alijaribu kuweka picha. Leo, kuandika makala ndefu. Kuhifadhi kulipangiwa kesho. Kwa hiyo makala yote ilikuwa pale kwenye kioo, na si kwingine popote.

Wala haikuwa ya kuandikwa mara mbili. Asubuhi mama yake, mkunga mstaafu, alikaa kando yake akamsimulia uzazi uliomtoa jasho kuliko wote. Kesho mama anapasuliwa koo. Daktari alisema sauti huenda isirudi, na kuanzia mchana wa leo asitamke hata neno.

Shemeji akaingia bila kubisha. Alikuwa mume wa mdogo wake, na nyumba nzima ilimwita Washa-Zima, maana dawa yake ya kila chombo ni hiyo moja.

"Imeganda? Nipishe. Tunazima, tunawasha, kwisha kazi."

"Shemeji, ukizima, maneno ya mama yamepotea."

"Wewe nawe! Hata ile redio ulinibishia hivyohivyo."

"Na redio iko wapi?"

Akajikuna shingo. "Redio ilikuwa imezeeka, bwana."

Chini ya meza sanduku la kompyuta lilikuwa linavuma, na harufu ya plastiki iliyopata moto ikapanda. Washa-Zima akapiga magoti, akaweka kidole kwenye swichi ya ukutani.

"Unasikia harufu? Ikiungua, utakosa maneno na mashine. Niseme moja, mbili?"

Huenda shemeji alisema kweli. Msusi akainama, akagusa sanduku. Mkono ukakutana na nyuzi.

Kitambaa cha kufuma! Mama hufunika kila kitu: runinga, jagi, cherehani. Kwa kuwa jioni wageni wangekuja kumtakia heri, alikuwa ameipamba hata kompyuta, kitambaa kimeshuka mpaka sakafuni, kimeziba matundu yote ya kupumulia.

Msusi alikivuta, akakitupa, akakimbilia chumba cha mbele. Alirudi na draya yake ya nywele, akaiweka kwenye upepo wa baridi, akaielekeza kwenye matundu.

"Sasa unaisuka?" Washa-Zima alisema, kidole bado kwenye swichi.

"Ngoja tu, shemeji. Nakuomba."

Kwa kukosa la kufanya, Washa-Zima akainua macho kwenye kioo, akasoma kwa sauti: "'Mtoto alitoka kimya, amelegea. Wenzangu wakaanza kukusanya vyombo. Nikawaambia, ngojeni. Nikamfuta pua, nikamsugua mgongo, nikangoja. Mama yake, muuza maziwa wa nyuma ya shule, alikuwa ananitazama...'"

Akamgeukia msusi.

"Muuza maziwa wa nyuma ya shule ni mama yangu."

"Ndiyo, shemeji."

Kidole kikatoka kwenye swichi. Akasogea kwa magoti. "Utachoka. Lete hiyo draya."

Wakakaa hivyo. Mvumo ukashuka kidogo, ukapanda, ukashuka tena. Kisha mshale ukaruka. Msusi akausogeza kama anayebeba yai, akafika penye neno Hifadhi, akabonyeza. Kioo kikafifia. Kikarudi. Makala imehifadhiwa.

Alishusha pumzi, akageuka. Mama alikuwa mlangoni. Alikiokota kitambaa sakafuni, akakikung'uta, akaanza kukitandaza upya juu ya sanduku.

"Mama, hapana!" wakapiga kelele wote wawili.

Mama akafungua kinywa kuuliza.

"Na usiseme!"

Akafumba. Washa-Zima akapokea kitambaa kwa mikono miwili, akakishikilia kifuani.

"Mama," aliuliza taratibu, "siku ile uliningoja sana?"

Mama akaweka kiganja mgongoni mwake, akaanza kusugua, polepole, na hakuacha upesi.