Mkalimani na Samaki Wapole

Mtaani walimwita Mkalimani, hata vijana ambao hawakuwahi kumwona kazini. Maisha yake yote ya kazi aliyamalizia mahakamani, kasimama kati ya hakimu na mshtakiwa, maneno ya watu yakipita kinywani mwake kama maji kwenye bomba. Alitafsiri matusi bila kutukana na vilio bila kulia. Alipostaafu, ulimi haukustaafu naye. Kwa kinyozi, dukani, msibani, popote palipokuwa na watu wawili, wa tatu alikuwa yeye, na mazungumzo kayashika yeye.

Halafu asubuhi moja aliamka, akataka kuomba maji ya kuogea, na neno "maji" halikuja.

Kiharusi, walisema hospitalini. Mkono wa kulia ulilegea. Mguu ulirudi baada ya muda, wa kuburuta, lakini ulirudi. Maneno ndiyo yaligoma. Kichwani yalikuwepo yote, timamu, ila yakifika mlangoni yanageuka na kurudi ndani. Likabaki moja tu, nalo lilitoka bila kuitwa: "Hapana." Akiulizwa kama ameshiba, hapana. Akiulizwa kama ana njaa, hapana. Akitaka kusema ndiyo, hapana inamtangulia na kumwaibisha mbele za watu.

Mkewe alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na mwanawe wa pekee aliendesha kreni kwenye mradi wa mbali, nyumbani akija kwa likizo tu. Aliyekuwa naye kila siku ni mke wa mwanawe, fundi wa vioo na alumini, mwanamke mfupi mwenye mikono iliyojaa makovu madogo madogo na kicheko kisichojua kujificha. Kabla ya ugonjwa waliishi kwa staha ya mkwe na mkwe: shikamoo Baba, marahaba mwanangu, chakula tayari Baba. Sasa ilibidi amfunge vifungo vya shati. Siku ya kwanza mzee aligeuzia uso ukutani kwa haya.

"Baba," alisema mkwewe, "mimi napachika madirisha ya ghorofani nikining'inia kwa kamba. Vifungo ndivyo vitanishinda?"

Mzee alitaka kucheka, akatokwa na machozi. Moyoni alisema, ahsante mwanangu. Mdomoni ikatoka, "Hapana."

Mtaalamu wa matamshi aliyekuwa akimfundisha hospitalini alimshauri mkwewe amtafutie mzee kitu cha kumfanya atamani kusema. Redio inasema yenyewe, alieleza, na televisheni ndiyo kabisa haimpi mtu nafasi. Mkwewe alirudi kazini akiwaza, na macho yake yakaangukia vipande vinene vya kioo vilivyobaki baada ya kazi ya hoteli fulani. Akavikata, akavisaga kingo, akaviunga kwa silikoni, gundi ya vioo, likatokea tangi la samaki. Alipoleta lile tangi nyumbani, alilibeba pamoja na jirani, wakiliweka sebuleni mkabala na kiti cha mzee kwa uangalifu kama wanaolaza mtoto mchanga. Silikoni ikaachwa ikauke sawasawa, maji yakatiwa, pampu na kichujio vikaachwa vinazunguka wiki kadhaa bila samaki hata mmoja, maana alikuwa ameambiwa kwamba maji mapya lazima kwanza yakomae. Mzee alikaa akitazama maji matupu. Watu walioingia waliona ajabu. Yeye aliona ni mazuri.

Siku ya kununua samaki walikwenda wote wawili. Duka lilikuwa refu na jembamba, matangi ukutani toka sakafuni hadi darini, na mwenyewe alikuwa mtu mnene mwenye mikono iliyolowa mpaka kwenye viwiko, wateja wakimwita Bwana Mapezi. Alikuwa ameshikwa na mteja mwingine, akimpa darasa kwa sauti kubwa.

"Hawa wa manjano na buluu unaowaona wanang'aa, ni wa miambani," alikuwa akisema. "Wazuri, sikatai. Ni sikilidi, ukoo mmoja na sato unayemla mezani. Lakini kwao kila jiwe lina mwenyewe. Mchanganye na samaki mpole, utaokota mapezi."

Mkwe hakusikia. Alikuwa kwenye tangi la mwisho, kainama, macho yanawaka. "Baba, tazama hawa! Manjano kama limau! Na huyu wa buluu!" Akamgeukia muuzaji wa kaunta. "Nifungie hawa. Na wale wadogo wenye mstari mwekundu. Na wale wa mikia mirefu."

"Hapana!" alisema mzee.

"Utawapenda, Baba."

"Hapana! Hapana!" Akamshika mkono kwa nguvu zote za mkono wake mmoja.

Mkwewe akampapasa bega kwa upole. "Najua, Baba. Tunakwenda nyumbani sasa hivi."

Miaka yote mahakamani Mkalimani hakuwahi kukosa kueleweka. Njiani alikaa na mfuko wa samaki mapajani, akiwatazama wanavyozunguka, akijua kitakachotokea kama mtu aliyesoma hukumu kabla ya hakimu.

Haikuchukua muda. Yule wa buluu alichagua pembe yenye jiwe, akajitangazia umiliki, na kila aliyepita karibu alirudishwa kwa kichwa. Wa mikia mirefu walibaki na vijiti vya mikia. Wadogo walijibana juu karibu na kichujio, wakihema. Mzee alipiga kioo kwa kidole, akaweka kiganja katikati yao kana kwamba angeweza kuwaamulia. Mkwewe alirudi kutoka kazini akamkuta amesimama, kiganja bado kiko kiooni, mmoja wa wadogo akielea ubavu juu.

Alimtoa yule samaki kwa kijiko. Halafu akasimama pale pale, kijiko mkononi, kama aliyemwagiwa maji ya baridi.

"Baba," alisema taratibu. "Kule dukani, ulikuwa unakataa kweli?"

Mzee alifumba macho. Akamshika mkono kwa nguvu zile zile za dukani.

"Ulimsikia yule bwana wa dukani akifundisha. Mimi sikusikia. Wewe ulisikia ukanikataza, na mimi nikakuona kama..." Akavuta kiti cha plastiki, akakaa mbele ya mzee, magoti yakikaribia kugusana. "Nisamehe. Sasa tufanye hivi. Hiyo hapana tuiweke kando, haina adabu, inaingilia mambo. Nipe mkono wa kushoto. Gumba juu, ndiyo. Gumba chini, siyo. Na mimi naapa, gumba lako likisema, sibishi."

Mzee aliinua gumba. Kitu kizito kilichokuwa kifuani mwake tangu ile asubuhi kilisogea kidogo, kikapitisha hewa.

Bwana Mapezi alipowaona wamerudi na samaki wa miambani na wale wa mikia mirefu kwenye ndoo mbili, aliguna, akawapokea bila masimango, akawarudisha kwa wenzao. Safari hii duka halikuwa na watu. Akawavutia mabenchi.

"Nani mwenye tangi?"

"Yeye," alisema mkwe. "Na anayeamua ni yeye. Haongei, lakini anasikia kuliko mimi na wewe. Ongea naye, tazama gumba."

Watu wengi tangu augue walimsemesha mkwewe badala yake, kana kwamba yeye ni mzigo. Bwana Mapezi alivuta benchi lake, akamgeukia mzee ana kwa ana.

"Mzee wangu, unataka tangi la kushangaza wageni, au tangi la kukaa nalo?" Akainua kidole kimoja, kisha cha pili. "La kwanza? La pili?"

Kwa la pili, gumba lilipanda kama bendera.

"Basi usianze na rangi. Anza na maji. Maji yenu ni laini, nimeyapima haya ya kwenye ndoo. Wa miambani wanataka maji magumu, yenye madini mengi, kwa hiyo hata wangekuwa malaika, si wenzenu. Pili, kinywa. Samaki yeyote anayeenea kinywani mwa mwenzake, ipo siku ataingia. Huyu hapa," akaonyesha samaki mmoja bapa, mrefu wa mapezi, anayepita kwa madaha kama bibi harusi, "mzuri sana, mpole kiasi, lakini akikua atawameza wadogo zako wa mstari mwekundu. Unasemaje?"

Mzee alimtazama yule samaki kwa muda mrefu. Alikuwa mzuri kweli. Aliwafikiria wale wadogo waliobaki nyumbani, waliojibana karibu na kichujio. Gumba likashuka.

"Hakimu huyu!" alisema Bwana Mapezi, amefurahi. "Na huyu je?" Akaonyesha sikilidi mkubwa kama sahani, mwenye macho ya kutisha. "Huyu anamjua mwenye nyumba. Anakula mkononi."

"Hapana!" alisema mzee, na gumba likashuka papo hapo.

Wakatazamana wote watatu. Mdomo na gumba vilikuwa vimekubaliana! Mkwe akaangua kicheko, Bwana Mapezi akacheka mpaka benchi likalia, na mzee mwenyewe akavunjika mbavu kwa mara ya kwanza tangu hospitali.

Mwisho Bwana Mapezi aliwapeleka kwenye tangi la chini, karibu na sakafu, ambalo mtu asingelitazama. Ndani mlikuwa na samaki wa rangi ya udongo mwepesi, wenye doa jeusi ubavuni lenye umbo la tundu la ufunguo. Walikuwa wamejificha nyuma ya kipande cha mti.

"Hawa ni sikilidi pia," alisema. "Lakini waoga. Hawanunuliwi, watu wanasema hawana rangi. Ukiwapa mahali pa kujificha na majirani watulivu, watatoka wenyewe. Chini utawawekea kambare wadogo wa kuokoteza mabaki, kundi, maana hao peke yao wanasononeka. Juu wako wale wa mstari mwekundu, ongezeni wenzao. Kila mmoja na ghorofa yake, hakuna wa kugombania ngazi. Na hawa waoga waingie mwisho, wasije wakajiona ndio wenye nyumba."

Mzee alijishika kwenye benchi, akainama mpaka macho yakawa sawa na lile tangi la chini. Samaki mmoja alitoa kichwa, akamchungulia, akarudi. Kisha akatoka tena. Gumba la mzee lilipanda, na likakaa juu hata baada ya Bwana Mapezi kuchukua wavu.

Nyumbani walifanya kama walivyoelekezwa. Mkwe alipanga vipande vya mti na majani ili samaki mmoja asimwone mwenzake muda wote, na kila alipoweka kitu aligeuka kutazama gumba. "Hapa? Kulia kidogo? Baba, hili jiwe umenihamishisha mara ngapi? Hata wateja wangu hawanisumbui hivi." Walianza kuingia kambare na wadogo wa kuongezea, na baada ya siku kadhaa wakaingia waoga, wawili. Walijificha, mzee akasubiri. Kila asubuhi alikaa akiwatazama wanavyosogea, kidogo kidogo, mpaka wakawa wanapita katikati ya kambare bila mtu kumgusa mtu. Mazoezi ya matamshi aliyafanya pale pale, akiwanong'oneza. Maneno mengi yalikuwa bado vipande. Samaki hawakumkatiza, na yeye akaendelea.

Ilikuwa jioni, mkwe anaingia kutoka kazini, hajavua hata viatu, aliposikia sauti.

"Mayai."

Alisimama. "Umesema?"

"Mayai," alisema mzee, wazi kabisa, uso umemeremeta. "Mayai!"

Mwanamke alipiga kigelegele kimoja, akatupa mkoba kwenye kochi, akakimbilia jikoni. Mzee alisikia kikaango kikigonga jiko. "Mayai, Baba! Hata kumi nitakukaangia! Neno la kwanza, Mungu wangu, na anataka mayai!"

"Hapana," alisema mzee. "Hapana, hapana." Lakini nani angeisikiliza hapana siku hiyo? Alijikongoja mpaka jikoni akiburuta mguu, akamshika mkwewe mkono wenye mwiko, akamvuta mpaka sebuleni, akamwonyesha.

Juu ya jiwe bapa, lile alilomhamishisha mkwewe mara nyingi, palikuwa na vitone vingi vidogo, vyeupe kama chembe za mchele uliopondwa. Wale waoga wawili walikuwa wamesimama juu yake, mmoja anapepea kwa mapezi, mwingine analinda mlango. Kambare mmoja akasogea. Mlinzi akamwendea, akamsindikiza pembeni bila kumng'ata, akarudi kazini.

Mkwe alichuchumaa mbele ya kioo alichokikata kwa mikono yake. Alianza kucheka, kisha akafuta macho kwa nyuma ya kiganja, bado ameshika mwiko.

"Mayai," alisema kwa sauti ndogo. "Kumbe."

Jikoni kulianza kunukia kuungua. Akaruka. Yaliyonusurika aliyaleta kwenye sahani moja, kingo zimekuwa nyeusi, wakala wote wawili mbele ya tangi, yeye akimkatia mzee vipande kwa uma. Mzee alitafuna polepole. Alimtazama: vumbi la kioo lililonasa kwenye nywele, plasta mpya kidoleni, soksi moja imegeuzwa ndani nje. Neno lilikuwa pale, limesimama mlangoni kama kawaida. Akalisubiri, hakulisukuma.

"A... ahsante," alisema Mkalimani.

Uma ulisimama hewani. "Ya nini, Baba?"

Alifungua mdomo. Ilikuwa ya vifungo, na ya tangi, na ya gumba, na ya kumwambia mtu mgeni dukani kwamba anayeamua ni huyu. Hayo yote hayakuwa na njia ya kutoka, si jioni ile. Kwa hiyo alilirudia lile moja aliloliweza, safari hii bila kukwama, na mkwewe akainamisha kichwa, akamwekea kipande kingine cha yai.