Sauti Iliyokwanguliwa

Kwa miezi mingi Rut alikaa ndani ya kundi lile kama mtu anayesimama nje ya dirisha la kanisa: kila wimbo anausikia, yeye haonekani. Kundi liliitwa Studio ya Chumbani. Aliyemwingiza ni kaka yake, Yusto, siku alipomwachia simu yake ya zamani yenye ufa kiooni. Humo walikuwamo watu wanaojirekodi wenyewe majumbani mwao, wengi kwa simu, wachache kwa kompyuta: mkulima wa kokoa wa Busale, mshonaji wa Ipyana, na wengine ambao Rut hakujua hata wako mkoa gani. Mmoja akiweka wimbo wake, wenzake wanamwambia gitaa limezidi, au asogeze simu mbali na mdomo. Hakuna aliyezomewa.

Rut alipenda kuimba tangu utoto, lakini mbele za watu sauti ilimkauka. Tena shule aliiacha darasa la tano, baba yake alipofariki, akabaki na mama yake kufinyanga vyungu. Kusoma alisoma, ila kidole kikifuata neno mojamoja. Angeandika nini mbele ya watu wanaoandika haraka vile?

Siku moja kidole chenye udongo kikabonyeza mahali pasipotakiwa kwenye simu. Nyumbani kwao mtandao haushiki. Hushika ufukweni mwa ziwa, juu ya jiwe ambalo wanawake huanikia nguo. Alipopanda jiweni jioni akakuta kumbe sauti imejituma kwa kundi zima. Haikuwa na neno hata moja. Kiganja tu kikipiga tumbo la chungu kibichi, pu, pu, pu. Kabla hajajua namna ya kuifuta, majibu yalikuwa yameshaanza.

"Hiyo ngoma gani, dada? Tuuzie," mmoja aliandika.

Rut akasogeza simu mdomoni, akanong'ona, "Ni chungu. Samahani."

Walicheka, ila kicheko chao hakikumfukuza. Felista, yule mshonaji wa Ipyana aliyekuwa msimamizi wa kundi, akamkaribisha kwa sauti badala ya maandishi. Akasema kuanzia leo mwenye neno na Dada Chungu amtumie sauti, asimwandikie marefu. Hakuna aliyekuwa amemwambia kuwa Rut husoma kwa shida. Labda alikisia tu. Rut alikaa pale jiweni mpaka nguo zote zikaanuliwa.

Wakamfundisha kutundika blanketi ukutani ili sauti isimrudie, na kulaza simu juu ya mto. Akatunga wimbo kwa Kikisi, lugha ya kwao, wimbo wa chungu kilicho kivulini kikingoja moto. Mama yake alipoona blanketi limetundikwa mchana aliuliza kama kuna mgonjwa. Alipoelezwa, akasema simu hiyo siku moja itamletea Rut barua ya posa, akarudi barazani kwenye vyungu vyake.

Siku ya kurekodi mvua ilikuwa inapiga bati. Mama alikuwa nje, chini ya upenu, anakwangua vyungu kwa kipande cha kibuyu. Rut akajifunika, akaimba mwanzo hadi mwisho. Alipousikiliza wimbo, mvua ilikuwa imejaa kila mahali, na nyuma yake krr, krr, na kuku. Akaona haya kuuweka kundini. Akamtumia Hezroni peke yake, yule wa kokoa wa Busale, ambaye alikuwa na kompyuta na alijitolea kusafisha nyimbo za wenzake.

Hezroni alisahau agizo la Felista, akaandika: "Mvua naitoa. Kuna sauti nyingine nyuma, niitoe?"

Rut alilifuata kila neno kwa kidole. Akamkumbuka kuku. Akaandika, "Toa."

Wimbo ulirudi safi mpaka akashindwa kuamini kwamba ni yeye. Akampelekea mama barazani. Mama alisikiliza ameinamisha sikio, mikono yake yenye udongo ameitenga pembeni, mpaka mwisho.

"Mbona umeimba peke yako?" akauliza.

Rut akadhani mama anataka kwaya. Akacheka, akaondoka. Na kwa kuwa simu ilikuwa inalalamika imejaa, akaufuta ule wimbo wa mvua. Kwake ulikuwa wimbo uleule kabla ya kunawishwa. Chungu kikikwanguliwa, si kinabaki kuwa kilekile?

Majuma machache baadaye kifua kilimbana mama. Wakamvusha kwa boti hadi Matema, wakatafuta gari la kumfikisha hospitali. Alirudi kwa boti ileile amefunikwa shuka.

Matanga yalipokwisha na watu kutawanyika, Rut akaona vyungu vibichi alivyoviacha mama vimepasuka kivulini, maana hakuna aliyekuwa akivigeuza. Picha ya mama alikuwa nayo moja. Sauti yake hakuwa nayo. Mama hakupenda kusemea kwenye simu. Aliishika juu chini na kumrudishia mwenyewe. Ndipo Rut akakumbuka ile siku ya mvua. Kama si neno, basi hata kule kukwangua. Hata kumkemea kuku.

Akapanda jiweni, akamwuliza Hezroni kama bado ana ule wimbo mchafu. Hezroni alimpa pole, kisha akasema hana. Kompyuta yake ina nafasi ndogo, akishasafisha wimbo hufuta ule aliotumiwa. "Ningejua, dada Rut," akasema. Rut hakumlaumu. Alijilaumu mwenyewe kwamba kama asingeona haya, kama angeuweka kundini siku ile, asingekosa mtu mmoja wa kubaki nao.

Akarudi nyumbani, akaketi mahali pa mama, akashika kile kipande cha kibuyu na kuanza kukwangua chungu kimoja kilichosalimika. Udongo ukadondoka mapajani. Bila kufikiri akaukusanya, akautia kwenye gae la maji lililokuwa pembeni, kama mama alivyofanya siku zote. Mkono wake ukasimama humo majini.

Kesho yake alisema mbele ya kundi zima, na mara hii hakunong'ona.

"Kaka Hezroni, sisi tukikwangua chungu, kinachotoka hatukitupi. Tunakiloweka, kinarudi kuwa udongo. Wewe ulichokwangua kwenye wimbo wangu ulikiweka wapi?"

Hezroni akajibu taratibu, kama mtu anayepapasa gizani. Akaeleza kuwa kompyuta haitupi, inagawa: sauti ya mwimbaji huku, mengine yote kule. Yeye huchukua ya huku na kumpelekea mwenyewe. Ya kule hajawahi kuifungua, na hakumbuki kama huwa anaifuta.

Jioni akarudi hewani. "Ipo. Sijaisikiliza, ni yako. Nikutumie wewe peke yako?"

"Hapana," Rut akasema. "Iweke hapa."

Akaweka simu sikioni. Mvua kwenye bati. Krr, krr. Kuku. Yeye mwenyewe hakuwamo; pale alipokuwa akiimba palikuwa wazi, mvua tupu. Halafu, pale uwazi ule ulipoishia, kwa chini sana, mama akaimba.

Alikuwa anaitikia. Kila Rut alipomaliza ubeti, mama alishika sauti ya pili, kwa maneno ambayo Rut hakuyatunga. Wimbo ulisema chungu kiko peke yake kivulini. Mama alijibu, nipo hapa nje, nakugeuza. Kisha alinyamaza ili mwanawe apite, na mwanawe hakuwapo, ikapita mvua, na mama akaingia tena mahali pake barabara.

Hezroni akaandika neno moja tu la kwao, la kushukuru: "Ndaga."

Rut alijaribu kuimba kwenye zile nafasi. Hakuweza. Akabonyeza kitufe, akawaambia, "Nitunzieni." Wakajibu mmoja baada ya mwingine, hata wale ambao hawakuwahi kusema kitu, kwamba wameshahifadhi.

Akairudia toka mwanzo. Mama akaimba, akanyamaza kumpisha, na mvua ikanyesha pale pa Rut.