Kilima cha Mama Mitchelle

Jumapili, tarehe 5 Mei 2024. Asubuhi ilikuwa ya manyunyu na upepo mdogo wa kusi. Mto Tana ulikuwa umeingia Idsowe. Mashamba ya mpunga hayakuonekana tena, ila vichwa vya migomba.

Mitchelle alilala ndani ya mtumbwi, mgongo ukiloa, akiuma leso. Uchungu ulimshika tangu alfajiri. Palibaki mahali pamoja tu pakavu: kilima chenye kanisa. Kilima hicho kilikuwa cha mama yake. Alikitoa kwa kanisa mwaka uliopita, baada ya Mchungaji Ishmael kuhubiri kwamba maskini asiyeng'ang'ania udongo atajengewa juu. Watu walimpigia makofi. Yeye akahamia bondeni.

Mchungaji alisimama mlangoni, suruali kaikunja, funguo mkononi.

“Fungua, Mchungaji,” mama aliita kutoka mtumbwini. “Mtoto wangu anazaa.”

“Bwana asifiwe, mama.”

“Asifiwe. Fungua.”

“Ndani kumejaa. Ni sukari na unga wa mzee Bule. Maji yalikuwa yanaingia dukani kwake.”

Waumini waliojibanza barazani chini ya turubai walitazama miguu yao. Hapo hapakuwa na nafasi hata ya kukunja goti.

“Sogezeni magunia. Nataka kona tu.”

“Damu na unga, mama? Mali ya watu hiyo.” Akashusha sauti. “Na mabati haya aliyanunua yeye.”

“Na ardhi je?”

“Wewe ulimpa Mungu. Mungu hadaiwi.”

Abdulbasit, jirani aliyewaleta, alichomeka pondo lake matopeni.

“Kilima hiki ungenipa mimi, mama, ningejenga choo. Na leo ningekukaribisha chooni.”

Mitchelle alipiga ukelele. Mama yake aliutazama mlango, akatazama kufuli, kisha akavua leso ya mabegani akamfunika bintiye.

“Tupeleke barabarani, mwanangu. Labda kwenye mahema ya waliokimbia mafuriko kuna mkunga.”

Mtumbwi uligeuka. Barazani minong'ono ikaanza. Mwanamke mmoja akasema waziwazi kwamba hii ni aibu. Mchungaji akainua mkono wenye funguo.

“Msinung'unike! Mbele za Mungu, na nyinyi nyote mkiwa mashahidi, naahidi: maji yakipungua, tutaandika jina la mama huyu juu ya mlango huu, kwa rangi ya dhahabu!”