Mistari Iliyokutana

Agosti 1996 Chepkosgei alirudi likizo kutoka Ujerumani. Kabla ya kwenda kwao Kipkelion, alishuka Kericho kumtafuta Oketch. Alimkuta kiwandani, amevaa koti jeupe, anakagua majani ya chai yaliyotandazwa yanyauke.

Miaka miwili nyuma walikuwa wanafunzi wa profesa mmoja huko Ulaya. Kwa kompyuta waligawa nafasi na wakati vipande vidogo kama macho ya wavu, wakokotoe kinachozipata kwaki, chembe zilizo ndani kabisa ya kiini cha atomu, zikipata joto kali mno. Je, hubadilika ghafla kama maji yanayochemka, au hulainika polepole kama siagi? Chepkosgei alisema ghafla, Oketch akasema polepole. Profesa alimwamini Chepkosgei. Oketch akaambiwa hesabu zake ni ovyo, akanyimwa ufadhili, akarudi nyumbani.

"Nilikokotoa mara mbili," Chepkosgei alisema, macho chini. "Moja nilianzia kwenye joto, nyingine kwenye baridi. Mistari ya majibu kwenye mchoro haikukutana, ishara ya badiliko la ghafla, nikaichora hivyo. Lakini kompyuta iliendelea wiki tatu zaidi, Oketch. Mistari ikakutana. Wewe ndiye ulikuwa sawa."

Tabasamu la Oketch lilipotea. "Ulijua lini?"

"Siku mbili kabla ya kikao kilichokunyima ufadhili."

Oketch aligeuza majani kwa mkono. "Mama yangu huambia watu kanisani nilirudi kwa sababu ya ugonjwa. Mimi mwenyewe nilishaamini sijui hesabu."

"Nisamehe."

"Mwandikie profesa kwanza."

Alimletea karatasi kutoka ofisini. Chepkosgei akaandika. Oketch alisoma, akaweka kidole juu ya neno moja.

"Hapa umesema ulikosea. Hukukosea. Ulificha."

Chepkosgei akalikata neno lile, akaandika alivyoambiwa. Siku hiyo hiyo wakaipeleka barua posta.

Profesa aliiondoa jaridani makala aliyochapisha na Chepkosgei, akamtumia Oketch barua ya mistari mitatu ya kuomba radhi. Nafasi ya Oketch chuoni ilikuwa imeshachukuliwa. Chepkosgei hakumaliza masomo. Siku hizi anafundisha fizikia katika shule ya wasichana karibu na Chepseon.

Wakikutana mjini, Oketch humsalimu vizuri, humuuliza habari za nyumbani. Chepkosgei angependa amgombeze hata mara moja tu.