Somo la Kwanza la Bwana Badi

Hafidha alikuwa akianika shuka uani kwake Mambrui pale tone la kwanza la maji ya chumvi lilipomwangukia puani. Hakutazama juu. Alisogeza beseni kwa mguu, akaliweka chini ya matone, kisha akaendelea kubana shuka kambani, maana nguo iliyoingia chumvi hukakamaa kama ngozi ya papa.

"Umewahi leo," alisema.

"Kunja magoti kidogo," alijibu mumewe. "Usivute kwa mikono, vuta kwa kiuno."

Zubeir alikuwa akining'inia angani, juu kidogo ya kilele cha mnazi wa jirani, kafungwa mshipi mpana kiunoni. Juu yake tiara kubwa ya rangi ya machungwa ilikuwa imejaa upepo. Tangu alipokufa alikuja hivyo kila alasiri, akaondoka magharibi ilipoadhiniwa. Mtaa ulikwisha mzoea. Watoto waliotoka chuo cha Kurani walimwamkia shikamoo na kwenda zao. Bi Kibibi, aliyepakana nao ukuta kwa ukuta, hakuwa na neno naye ila moja.

"Mwambie mumeo asogee!" alipaza sauti. "Ananidondokea kwenye pilipili zangu nilizozianika. Zimekuwa achari kabla ya siku zake."

"Mwambie mwenyewe, mwenzangu. Mimi hanisikii."

Ilikuwa kweli. Mtu aliyekufa maji hubaki na lile neno alilokuwa nalo kichwani maji yalipomfunika, na Zubeir alikufa akiwaza namna ya kuendesha tiara. Ukimuuliza kama amekula, atakwambia utazame mbele.

Jambo lenyewe lilianza mwaka ule wa themanini na sita. Mgeni mmoja Mfaransa alifika katika hoteli ya ufukweni na ubao mfupi na tiara pana kama tanga, akawaonyesha watu kwamba mtu aweza kusimama juu ya ubao akavutwa na tiara juu ya maji. Alipoondoka aliviacha vyote kwa meneja kuwa zawadi.

Meneja huyo, Bwana Badi, alikuwa mwenyeji wa Malindi, mtu wa tai na suruali zilizopigwa pasi mpaka mstari wake ungeweza kukata papai. Aliona mara moja kwamba wageni wataupenda mchezo ule. Lakini kwanza lazima mtu ajifunze ndipo awafunze wageni, na kujifunza kuna kuanguka, na kuanguka si kazi ya meneja. Akamchagua Zubeir, mtunza bustani, waliyesoma naye chuo kimoja utotoni, juu ya mkeka mmoja, chini ya fimbo moja.

Zubeir alikwenda majini mara chache tu. Mara ya mwisho upepo ulimchukua kuelekea upande wa Lamu, naye hakurudi. Hafidha alipokwenda kuuliza, Bwana Badi alimkaribisha kiti.

"Zubeir aliomba ruhusa Ijumaa, akatokea lango la mbele," alisema. "Hoteli haina habari naye. Wanaume wana mambo yao, Bi Hafidha. Umeuliza Mombasa?"

Hapo ndipo dhiki ilipokuwa. Mwanamke aliyefiwa na mume hukaa eda miezi minne na siku kumi. Hujifungia ndani, hajipambi, hatoki ila kwa dharura, wala hazungumzi na mwanamume asiye maharimu wake, yaani anayeweza kumwoa. Akitoka edani huwa mtu kamili, anaweza kurithi na anaweza kuposwa. Lakini mwanamke ambaye mumewe amekufa na hakuna aliyesema amekufa hana pa kukaa. Zubeir hakusaliwa msikitini, khitma yake haikusomwa, na wanawake wa mtaa hawakujua waje na pole au waje na habari za soko. Hafidha hakuwa mke wala mjane. Alikuwa mtu anayeanika nguo.

Shekhe wa msikiti aliitwa aje atazame. Alikuja, akainua uso.

"Asalaam alaykum, Zubeir."

"Ukianguka, uachie ubao kwanza," alijibu Zubeir.

Shekhe alizipitisha ndevu zake mkononi kwa muda mrefu. "Mwanangu," alimwambia Hafidha, "maiti hasemi, na huyu asema. Maiti huoshwa, na huyu hafikiki. Nipatie mwili, au nipatie mtu aliyemwona akichukuliwa. Kimoja kati ya hivyo chanitosha."

Aliyemwona alikuwepo. Kenga, mtumishi wa hoteli kutoka Matsangoni, ndiye aliyekuwa amemshikia Zubeir ubao asubuhi ile. Hafidha alimvizia nje ya jiko la hoteli. Kenga alitazama vidole vya miguu yake.

"Dada, mimi nina watoto," alisema, akarudi jikoni.

Hafidha akarudi kwa Bwana Badi mara ya pili, naye sasa alikuwa amepata hoja mpya.

"Nasikia Zubeir yuko kwako kila alasiri. Mtaa mzima unamwona. Sasa mimi nakuuliza wewe, Bi Hafidha: kama yupo, kwa nini haji kazini?"

Hafidha alirudi nyumbani na swali hilo, akalitia chumvi, akalianika.

Kuanzia siku hiyo alijifunza tiara. Mume akiwa na neno moja tu la kusema, mke mwenye akili hulisikiliza neno hilo. Alivaa suruali chini ya buibui, akajifunga kanga kiunoni na kuifungia kwenye mnazi, akashika mwiko kwa mikono miwili, na kila alasiri akasimama uani akifundishwa. Alijifunza kwamba tiara ikiwa juu ya kichwa huwa imelala, na ikishushwa mbele huamka na kuvuta. Alijifunza kwamba mwanafunzi huanza nchi kavu, hupima upepo kwanza, hula chakula chepesi, na kwamba wote wanaoanza hukosea kosa moja: hutazama tiara wakasahau miguu.

"Una nini, Hafidha?" aliuliza Bi Kibibi kutoka ukutani. "Wataka kuruka?"

"Nataka kujua."

"Haya. Ukiruka, usipite juu ya pilipili."

Kila somo lilimalizika kwa maneno yale yale. "Ukizidiwa," Zubeir alisema, "vuta kamba nyekundu. Tiara itakuachia." Kisha mkono wake ulishuka kiunoni ukavuta, ukavuta tena. "Haivutiki. Badi ameipiga fundo."

Mara ya kwanza alipoyasikia, Hafidha alikuwa na vibanio vya nguo mdomoni. Alivitoa kimoja kimoja.

"Kwa nini ameipiga fundo?"

"Tiara isipotee," alisema Zubeir, na Hafidha hakujua kama amejibiwa au somo limeendelea tu.

Alitazama juu kwa makini. Lilikuwa lile fundo la kufungia mbuzi wa Idi, ambalo kadiri mbuzi anavyovuta ndivyo linavyokaza. Usiku huo Hafidha alilifunga kwenye mguu wa kitanda. Aliendelea kulifunga kila siku, hadi vidole vyake vikaweza kulifunga huku yeye akizungumza mambo mengine. Kisha akanunua turubai, akashona mshipi mpana wa kiunoni wenye kulabu na kamba nyekundu, kwa kipimo cha mwanamume mwenye kitambi kidogo.

Hakungoja sana. Msimu wa wageni ulikaribia, na mwenye hoteli alipiga simu kutoka Nairobi kuuliza ile tiara iko wapi. Alasiri moja Bwana Badi alibisha hodi, na nyuma yake Kenga alikuwa amebeba ngazi.

"Karibuni," alisema Hafidha.

Bwana Badi alitazama juu, na Zubeir akatazama chini. Wote wawili walikuwa wamevaa nguo za kazi za hoteli, mmoja tai na mwingine shati la mtunza bustani, limelowa.

"Bi Hafidha, nimekuja kuchukua mali ya hoteli."

"Mali ipi? Naona vitu viwili pale juu."

"Tiara."

Kenga aliinama akaichunguza ngazi kana kwamba haijui.

"Ichukue," alisema Hafidha. "Lakini tiara hii haishuki yenyewe. Lazima mwingine ajifunge, ndipo wa kwanza aachiwe, na yule mwingine aishushe taratibu. Mfaransa hakukwambia?"

"Aliniambia," alisema Bwana Badi, ambaye hakuwahi kukubali kwamba kuna jambo hakuambiwa. "Kenga, jifunge."

"Kenga atashika ngazi. Na hoteli ikipata wageni wakubwa, atakayewafunza ni meneja au ni mtumishi?"

Vichwa vya majirani vilikwisha jipanga juu ya ukuta. Bwana Badi aliviona. Akalegeza tai.

"Somo refu?"

"Kwa mtu aliyesoma, fupi."

Basi Bwana Badi akaanza masomo, kama wanavyoanza wote, chini. Alivua viatu na soksi. Alikunja ile suruali yenye mstari. Alikalishwa ndani ya beseni la maji ya chumvi, miguu juu ya kibao cha chapati, mwiko mikononi, akaambiwa huo ndio mwanzo wa majini na kwamba Ulaya nzima huanza hivyo.

"Kunja magoti," alisema Hafidha.

"Kunja magoti," alisema Zubeir kutoka juu.

"Vuta kwa kiuno, Bwana Badi!" alisema Bi Kibibi, ambaye naye kwa kusikia kila siku alikuwa amehitimu. "Yakhe, mbona wavuta kama wakamua ng'ombe? Makalio ndani, wageni watakucheka!"

Bwana Badi alivuta kwa kiuno. Haki isemwe, alikuwa mwanafunzi mzuri, kama alivyokuwa chuoni. Aliinuka akidondoka maji, Hafidha akamvisha mshipi wa turubai, akaukaza. Ulimkaa sawasawa. Kisha akashika ile kamba nyekundu.

"Hii ni ya kuachia. Ukizidiwa, unavuta, tiara inakwenda zake na wewe unabaki. Niiache wazi, au niipige fundo?"

"Ikiachia, tiara si itapotea?"

"Itapotea."

"Basi ipige fundo."

"Niipige kweli? Nakuuliza mbele ya watu."

"Ipige, bibi! Ndivyo tunavyofanya siku zote."

Ukuta mzima ulisikia. Kenga alisikia. Hafidha alilifunga huku akimuuliza Kenga habari za nyumbani Matsangoni.

Bwana Badi alipanda ngazi iliyoegemezwa kwenye mnazi. Alipofika juu alimwita Zubeir, na Zubeir akasogea, kama alivyozoea kusogea akiitwa na Bwana Badi. Kulabu ilitoka kwa mmoja ikaingia kwa mwingine. Tiara, iliyokuwa imelala juu ya vichwa vyao, ikashuka mbele ikaamka, ikamwinua Bwana Badi.

"Tazama mbele," alisema Zubeir. Lilikuwa neno lake la mwisho.

Zubeir hakuanguka kama mtu. Alianguka kama nguo iliyokatikiwa na kamba, na Hafidha akampokea kwa shuka aliyokuwa ameianua. Mchanga ulikuwa masikioni mwake, na mkono wa kulia ulikuwa bado umekunjwa kama unaovuta kitu. Hafidha aliunyosha. Shekhe alikuja, akatoa salamu, akangoja jibu. Halikuja.

"Sasa ni maiti," alisema.

Zubeir alioshwa kwa maji ya kisima, maana ya chumvi alikuwa ameyapata ya kutosha, akasaliwa, akazikwa kabla ya jua kuzama. Bwana Badi aliyaona mazishi yote vizuri kuliko mtu yeyote. Dua iliposomwa kaburini, sauti ilisikika kutoka juu ikiitikia amina, kwa mazoea.

Hafidha akaingia edani.

Upepo wa asubuhi ulimpeleka Bwana Badi juu ya hoteli, na wa alasiri ukamrudisha juu ya ua.

"Hodi! Bi Hafidha! Nishushe!"

Bi Kibibi aliingia ndani, akatoka, akaegemea ukuta.

"Anasema yumo edani, hazungumzi na mwanamume asiye maharimu wake. Anasema wewe umesoma, unalijua hilo."

Bwana Badi alilijua. "Na akitoka edani?"

Bi Kibibi aliingia tena, akatoka. "Anasema ukiulizwa habari za Zubeir utasemaje?"

Pale juu tai ilikazwa. "Aliomba ruhusa Ijumaa," alisema Bwana Badi. "Akatokea lango la mbele."

Bi Kibibi hakuona haja ya kuingia mara ya tatu.

Hoteli haikuharibikiwa. Chakula cha meneja kilipandishwa kwa kikapu na kamba, barua zake vivyo hivyo. Wageni walikuja kumpiga picha, na vyumba vikajaa. Mwenye hoteli aliteremka kutoka Nairobi, akamtazama kwa mkono juu ya nyusi, akaridhika kwamba sasa meneja anaiona hoteli nzima kwa jicho moja, akampandisha cheo. Watu walipomuuliza mwenye hoteli kuhusu yale maneno ya fundo, alisema yalisemwa uani kwa mtu, si hotelini.

Kisha ikaletwa tiara ya pili, ya buluu. Kenga aliitwa ajifunze ili awafunze wageni. Hafidha alikuwa ndani akichambua mchele asubuhi ile, aliposikia sauti ya Bwana Badi ikishuka na upepo kutoka upande wa hoteli.

"Kenga! Hiyo kamba nyekundu! Ipige fundo, tiara isipotee!"

Hafidha aliuweka ungo chini. Alimwita Bi Kibibi, na Bi Kibibi akakimbia mpaka ufukweni, viatu mkononi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu arusi yake. Alirudi akitweta.

"Nimemwambia. Amesema anajua, alikuwepo. Amesema ana watoto."

Hafidha alimaliza mchele. Adhuhuri ikapita. Upepo ukaongezeka, milango ikaanza kugonga. Alipoinuka alimwomba Bi Kibibi amwazime beseni moja, maana lake lilikuwa na nguo.

Bi Kibibi hakuuliza la nini. Alilileta, akalitua katikati ya ua, pale matone ya Zubeir yalipokuwa yakianguka, kisha akaenda kuanua pilipili zake.