Bi Batoul Hajaoga

Rqia aliingia hamamuni kwangu Jumatatu asubuhi bila ndoo, nikajua hakuja kuoga. Alisimama katikati ya ukumbi wa kuvulia nguo, joho lake limefungwa mpaka shingoni, wanawake wengine wakiwa nusu uchi pande zote. Hakutoa salamu.

"Zhor, hamamu yako ina mdomo," akasema.

"Karibu kwanza, dada. Kaa."

"Sikai. Uchumba wa Ghita umevunjika. Hajja Tamou kaja jana, mbele ya mawifi zangu, kasema mwanangu ana nyama iliyoungua chini ya titi, na mwanawe haoi kitu chenye kasoro. Haya, nieleze wewe. Lile kovu, tangu Ghita avunje ungo, hata baba yake hajaliona. Nani kalipeleka kwa Hajja Tamou kama si mtu wa humu?"

Kutoka chumba cha moto ilisikika sauti ya Bi Batoul akimgombeza mteja ainue mkono vizuri, yeye hasugui kuku.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Rqia akamalizia, akatoka.

Hamamu hii ilikuwa ya mama yangu, na kabla yake ya nyanya. Siku hizi hapa Sefrou ziko hamamu mpya zenye marumaru na vioo, na wenyewe wananicheka kwa bomba zangu zinazokohoa. Wacheke. Wanawake wanakuja kwangu kwa sababu moja tu: kwangu wanavua nguo bila hofu. Humu yameonekana matiti yaliyokatwa na madaktari, migongo iliyopigwa na waume wanaosifiwa msikitini, na matumbo yaliyotangulia harusi. Yakitoka nje, nusu ya ndoa za mji huu zinaungua. Ndiyo maana mfanyakazi mpya, siku ya kwanza, husukutua kinywa kwa maji ya birika kubwa la hamamu mbele ya wenzake na kuyatema kwenye mfereji: ya humu yaishie humu. Haapi kwa lolote. Akishatema, ameelewa.

Aliyenifundisha hilo, nikiwa bado mtoto wa kubeba sabuni, ni Bi Batoul.

Bi Batoul alikuwa msuguaji wetu mkuu. Alinisugua mimi nikiwa bibi harusi, akamsugua binti yangu naye akiwa bibi harusi. Mama alipofariki ni yeye aliyemuosha, na alinishikisha kopo ndani ya kiganja chake tukamwaga maji pamoja. Mji mzima umepita chini ya glavu yake nyeusi ya kusugulia. Ajabu moja tu alikuwa nayo: yeye mwenyewe hakuwahi kuoga nasi. "Mvuke wenu umenichosha," alikuwa akisema, na kila jioni alikwenda kuoga kwake kwa maji ya kuchemsha. Wasichana wakimtania, "Bi Batoul, mficha uchi hazai!" aliwajibu, "Nimezaa watano. Kaogeni."

Hata Ghita ni yeye aliyekuwa akimsugua. Nilimwita uani, penye kuni.

"Bi Batoul, Hajja Tamou alikuuliza habari za Ghita?"

"Aliniuliza. Kwani vipi?"

Hakusita hata kidogo, na hapo ndipo moyo ulipoanza kuniuma.

"Alikuja nyumbani na sukari ya koni," akaendelea, "ile ya karatasi ya buluu. Mtu kaja na sukari ya heri, utamrudishaje mlangoni? Akaniuliza binti yukoje. Nikamwambia binti yule ni mkate wa asubuhi, mzima, wa moto, kiuno cha kuzaa. Ana kakovu kadogo hapa, birika la chai lilimmwagikia utotoni, si kitu. Nilikuwa namsifia, Zhor!"

"Ulikuwa unamsifia."

"Wallahi. Nilitaka aolewe. Zamani akina mama walikuwa wakija humu humu kuwachagulia wana wao wachumba. Au umesahau? Mama yako mwenyewe alikuwa akiwaambia, mtazame yule wa kwenye nguzo."

"Walikuwa wanatazama kwa macho yao. Sisi hatukuwasimulia."

Kisha akajaribu kucheka. "Ulimi hauna mfupa, mwanangu."

Mimi sikucheka. Angekuwa ameuza siri ile, ningemtoa siku hiyo hiyo na ufagio mkononi, na usiku ningelala fofofo. Lakini aliitoa kwa mapenzi. Na siri iliyotolewa kwa mapenzi imetoka sawasawa na iliyouzwa.

Nyumbani mume wangu Driss alinisikiliza mpaka chai yake ikapoa.

"Mweke ukumbini, alinde nguo," akasema.

"Ukumbini ndiko kila mmoja anakovulia."

"Basi mpe onyo."

"Na Ghita nimpe nini? Onyo?"

"Zhor, yule ni kama mama yako."

"Ndiyo maana nitamwambia mwenyewe. Simtumi mtu."

Siku zile niliunguza kila nilichoinjika. Nilikuwa nikiosha vyombo huku nikiyasema maneno peke yangu, nikiyapanga na kuyapangua, na hayakukaa. Nilimkasirikia Hajja Tamou na sukari yake. Nilimkasirikia Rqia. Nilimkasirikia mama yangu kwa kufa na kuniachia funguo. Zaidi ya hasira, niliogopa. Bi Batoul ndiye mtu wa mwisho duniani aliyenijua nikiwa sina jino hata moja, na mimi ndiye niliyekuwa nikijipanga kumfungia mlango.

Ijumaa huwa tunakula kuskusi pamoja, wafanyakazi wote, sinia moja, baada ya wateja wa asubuhi kutoka. Niliamua kumwambia kabla ya kula. Sikutaka ameze chakula changu halafu nimtapishe.

Walikuwa wamekaa kulizunguka sinia, Malika msuguaji mdogo akigawa vijiko. Nilibaki nimesimama.

"Bi Batoul, kuanzia leo hufanyi kazi hapa."

Aliinua uso, uso ukachanua. "Unanipumzisha? Mungu akuzidishie, mwanangu. Magoti haya yanajua yenyewe yanavyonitenda."

Alinifungulia mlango, maskini, bila kujua. Ningesema tu ndiyo, nakupumzisha, wangepiga vigelegele, tungekula, na habari ya Ghita ingefunikwa kwa mboga na zabibu. Nilitamani kupita mlango ule.

"Sikupumzishi," nikasema. "Nakufukuza. Umeutoa nje mwili wa mtu."

Malika aliacha kijiko hewani. Uchangamfu wote ukamtoka Bi Batoul usoni.

"Mimi nilikuogesha una siku arobaini."

"Najua."

"Siku ya harusi yako ulilia humu mpaka ukatapika. Nani alikushika kichwa?"

"Wewe."

"Mama yako nimemuosha kwa mikono hii."

"Najua, Bi Batoul."

"Na bado?"

"Na bado."

Alinyanyuka taratibu. Akachomoa glavu yake kiunoni akaiweka ukingoni mwa sinia, karibu na kijiko chake. "Haya, bibi mwenye hamamu," akasema. Hakuwahi kuniita hivyo kabla. Alivaa joho, akafunga kitambaa cha kichwa, akakikaza kwa uangalifu mbele ya kile kioo chetu kibovu, kisha akaelekea mlangoni.

Hapo kinywa changu kikanisaliti. Kwetu mtu akitoka kuoga haachwi avuke kizingiti bila kuambiwa "Afya na raha." Nimeyasema maneno hayo tangu nijue kusema, nikiwa kwenye kile kiti cha mlangoni, mpaka siku hizi nayasema bila kuyasikia. Bi Batoul alipoinua mguu kuvuka, nami nikajisikia nikimwambia, "Afya na raha."

Aligeuka.

"Sijaoga, Zhor," akasema. Akaenda zake.

Kuskusi ile hakuna aliyeila. Mimi niliingia chumba cha moto na nguo zangu, nikalia humo, kwa sababu humo kila uso umelowa na hakuna wa kukuuliza.

Basi mji ukanisema. Zhor ana moyo wa jiwe la kusugulia visigino. Zhor kamtupa bibi wa watu kwa kovu la birika. Wateja wengine walihamia kwenye marumaru, na Rqia hakuja kunishukuru, nami sikungoja shukrani yake. Driss alimpelekea Bi Batoul haki zake za kazi, zote, naye bibi akazipokea mlangoni bila kumkaribisha chai. Anayewajua watu wa kwetu anaelewa kofi hilo. Mara nyingi nilifika hadi kona ya mtaa wake nikarudi. Ningemwambia nini? Sikuwa na neno jipya. Lile nililokuwa nalo nilikwisha kulisema, na ningeulizwa tena ningelirudia, hata kama lilikuwa linaniunguza kifua kila nilipoiona ile glavu. Niliitundika kwenye msumari wake na nikakataza mtu kuigusa.

Ghita alirudi. Hilo lilinipa nguvu kidogo, halafu likaninyang'anya, maana alikaa pembe ya giza ya chumba cha moto, uso ukutani, kanga imemfunga mpaka makwapani, akajiosha kwa kupitisha mkono chini ya nguo. Kila wiki vile vile. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Ikafika mwisho wa Shaabani. Karibu na Ramadhani wanawake wote wa mji hukumbuka miili yao siku moja, na hamamu ilikuwa imefurika, watoto wanalia, ndoo zinagongana. Niliinua uso nikamwona Bi Batoul mbele ya meza yangu. Ana ndoo, mkeka mdogo, na sabuni nyeusi ndani ya kopo. Alilipa kama mtu mwingine yeyote.

"Umekuja..." nikaanza.

"Nimekuja kuoga. Au siku hizi mnachagua miili?"

Alivua ukumbini, lakini shuka akabaki nayo begani, na akaingia ndani. Niliacha meza nikamfuata. Ukimya ulikuwa ukimtangulia chumba hata chumba. Hakutafuta pembe. Alitandika mkeka wake katikati ya chumba cha moto, chini kabisa ya matundu ya paa yanayoingiza mwanga, akaketi akielekea pembe alimokuwa Ghita.

"Nani ananisugua?" akauliza.

Malika alitazama dari. Wengine wakakumbuka ghafla kuosha watoto wao. Nilirudi ukumbini, nikavua, nikajifunga kitambaa kiunoni, nikaitoa ile glavu kwenye msumari. Yake mwenyewe.

Nikapiga magoti nikaanza na mikono.

"Unafuta vumbi la kabati?" akafoka. "Sugua!"

Nikaongeza nguvu.

"Hujala tangu nilipoondoka? Sugua, mwanamke!"

Mtu akacheka, wote wakacheka, na mimi nikacheka huku machozi yananitoka. Nilipomaliza mikono na miguu nikasema lile neno alilotuambia sisi sote, miaka nenda miaka rudi: "Geuka."

Alichelewa. Nilimsikia akivuta pumzi. Kisha akaiachia shuka, akageuka kwenye mwanga, nami nikaona. Ghita aliona. Sote tuliona.

Nikaelewa kwa nini alikuwa akienda kuoga kwake kila jioni ya maisha yake. Nilichokiona sikwambii. Chumba kilikuwa kimejaa wanawake, na Sefrou ni mji mdogo wenye midomo mikubwa, lakini kaulize mtaa wowote unaoutaka. Hutapata wa kukwambia.

Niliendelea kusugua, polepole sasa, na hakunigombeza. Nyuma yangu nikasikia ndoo ikiburutwa. Alikuwa Ghita. Kanga yake ilikuwa imeshuka kiunoni na hakuishika. Aliinua ndoo ya maji ya moto akammiminia Bi Batoul mabegani.

"Nisamehe, mwanangu," Bi Batoul akasema, uso chini.

Ghita hakusema amesamehe wala hajasamehe. Alisema, "Inamisha kichwa, nikuoshe nywele."

Baadaye, ukumbini, Bi Batoul alikuwa akifunga kitambaa mbele ya kile kioo kibovu, mashavu yamemwiva. Aliniambia kwa sauti ya chini, bila kugeuka, "Na kazi yangu, Zhor?"

Malika alisikia. Waliokuwa karibu walisikia, na niliona nyuso zao zote zikiniomba. Hakuna kitu nilichokitaka siku ile kuliko kumpa glavu yake.

"Hapana, Bi Batoul."

"Hapana," akarudia polepole, kama anayeonja chumvi ya mchuzi. Akaitikia kwa kichwa. "Ungesema ndiyo, nisingevua tena humu."

Akainua ndoo yake. Alipofika kizingitini nilimwambia, na safari hii niliyasikia maneno yangu mwenyewe:

"Afya na raha."

"Mungu akupe afya, mwanangu," akajibu. "Na ujifunze kusugua."